Livingstone aling'oa meno yake mwenyewe: tujifunze nini juu ya ufizi?

Jina la David Livingstone linajulikana sana. Wazee wetu walifundishwa habari zake shuleni: Mskoti, mmisionari, muganga, msafiri aliyetafuta chimbuko la mto Nile. Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo sisi watu wa Maniema ya kusini tungepaswa kuijua kuliko wengine wote, juu ilipita hapa kwetu. Alikaa Kabambare siku mingi, akangojea, akaugua. Na katika safari ile meno yake yalilegea na kutoka moja moja. Hakukuwa mtu wa kumtibu kinywa. Aliyang'oa mwenyewe kwa uzi.

Leo tunaeleza maisha ya mtu huyu kwa upande wa kinywa chake. Si kwa kumcheka. Ugonjwa wa ufizi ungali unatembea kati yetu kimya kimya, na habari yake inaonyesha vizuri namna unavyofanya kazi.

Mtoto wa kiwanda aliyekuwa muganga

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, karibu na mji wa Glasgow, Scotland. Familia yao ilikuwa maskini, wazazi na watoto wakiishi chumba kimoja. Alipofika miaka 10 aliingizwa kazi katika kiwanda cha pamba. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku, na baada ya hapo akaenda kusoma. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu: akishika jambo haachi.

Mwaka 1836 alianza kusoma uganga Glasgow. Mwezi wa Novemba 1840 akapata ruhusa ya kutibu watu, na kabla mwaka haujaisha akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia na kuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, karibu na bega. Mfupa ule ulijiunga tena, ijapokuwa vibaya. Tukumbuke mkono huo, tutaurudia mbele. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara letu tangu Luanda, pwani ya magharibi, mpaka Quelimane, pwani ya mashariki. Ulaya wakampokea kama shujaa.

Kama muganga alitengeneza vidonge vyake vya homa. Ndani yake alitia kwinini, na tena kalomeli, pamoja na dawa mbili za kuharisha. Kalomeli ni dawa yenye zebaki, na waganga wa wakati ule waliitumia kwa karibu kila ugonjwa. Leo tunajua kama zebaki ikizidi mwilini inajaza mate kinywani, inavimbisha ufizi na kulegeza meno. Dawa ya homa ilikuwa inaweza kuharibu kinywa. Njo maana siku hizi hakuna muganga anayempa mtu kalomeli ya kumeza.

Safari ya mwisho

Mwaka 1866 Livingstone alitoka Zanzibar, akaingia bara kwa njia ya mto Rovuma. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, tangu 1862. Yeye mwenyewe alikuwa na zaidi ya miaka 50. Mwezi wa Januari 1867 pigo kubwa likampata: mtu mmoja wa msafara alitoroka na sanduku la dawa. Kuanzia siku ile alikuwa muganga bila dawa.

Chakula kikawa shida. Katika nchi ya Walunda na Wabemba alipita njaa, na mara nyingi akala mahindi magumu. Meno yakaanza kuvunjika na kulegea. Aliandika habari hizo kwa binti yake Agnes na kwa rafiki zake. Alifanya mzaha: kwamba binti akitaka busu la baba, itabidi lipitie kwenye baragumu, kwamba akicheka anafanana na kiboko, na kwamba wamwambie Sir Roderick Murchison, mkubwa wa chama cha wanajiografia cha London, kwamba hawezi kusimama mbele ya watu mpaka apate meno mapya.

Tunacheka naye, lakini tuangalie neno lililoko chini ya mzaha. Mtu aliyerukiwa na simba, aliyevuka bara, alikuwa anaona haya kufungua kinywa. Wale kati yetu waliopoteza meno ya mbele wanaelewa haya hiyo bila kuelezwa.

Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Walimbeba mpaka Ziwa Tanganyika, akafika Ujiji mwezi wa Machi. Alipopata nguvu kidogo, mwezi wa Julai alivuka ziwa kuja upande wetu, Maniema, pamoja na mfanyabiashara Muhamad bin Gharib. Hapa lazima tuseme wazi: Livingstone alichukia biashara ya watumwa na kuiandika vibaya sana, lakini bila wafanyabiashara wale wale wa pembe na watumwa asingekula wala asingetibiwa. Aliishi kwa chakula chao. Jambo hilo lilimwumiza, na ni sehemu ya ukweli wa maisha yake.

Siku za Kabambare

Tarehe 21 Septemba 1869 alifika Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre. Mwenye nchi, Mwene Kusu, alikuwa amekufa, watoto wake wawili wakishika utawala. Livingstone aliandika kama jina lile ni la kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Aliona nchi yetu ni nzuri: milima, misitu, mashamba, ndizi. Alitaka kufika mto Lualaba, juu aliamini ndio Nile.

Hakufika upesi. Alijaribu njia ya mto Luama, akarudi. Akajaribu kupita kaskazini mwaka 1870, mvua na tope vikamshinda, na watu wake karibu wote wakamwacha. Walibaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mwezi wa Julai 1870 akarudi Kabambare akichechemea. Miguu yake ilikuwa na vidonda vinavyokula nyama mpaka mfupa.

Vidonda vile vilimfunga nyumbani karibu siku 80. Aliona watumwa wengi wakifa kwa ugonjwa uleule. Yeye alipona kwa dawa ya sokoni kwetu: jiwe la kijani la shaba, malakiti, lililotoka Katanga. Walilisaga na maji juu ya jiwe, akapaka kwa unyoya. Hakuna dawa nyingine iliyomsaidia, na aliliandika jambo hilo bila kuficha. Muganga wa Glasgow alitibiwa kwa dawa ya Maniema.

Sasa tuangalie meno. Katika barua zake alieleza namna alivyoyatoa yale yaliyolegea. Alichukua uzi wenye nguvu, akalifunga jino kwa fundo la mabaharia. Ncha ya pili akaifunga kwenye kisiki, juu au chini, kufuatana na jino lenyewe. Halafu akapiga uzi kwa bastola nzito au kwa fimbo. Jino likabaki linaning'inia kisikini, naye hakusikia maumivu.

Hakusikia maumivu. Hapa njo tunataka kusimama.

Kwa nini halikuuma?

Jino zima lililoko ndani ya taya huwezi kuling'oa kwa uzi na fimbo. Limeshikwa na mfupa pande zote, na katikati ya mfupa na mzizi kuna nyuzi ndogo ndogo zinazolifunga. Muganga wa meno mwenye koleo na sindano ya ganzi anatoka jasho kulitoa. Likitoka kwa pigo moja la fimbo, tena bila maumivu, maana yake mfupa umekwisha kuondoka zamani. Jino lilikuwa limesimama katika ufizi tu, sawa na nguzo ya nyumba ambayo mchwa wamekula chini. Juu unaiona imesimama. Ukiisukuma, inaanguka.

Livingstone aliona mahindi magumu ndiyo yaliyomharibu meno. Ni kweli chakula kigumu kinavunja jino. Lakini meno ya mtu mzima yakianza kutikisika moja moja, bila kupigwa wala kuanguka, mara nyingi sana ni kazi ya ufizi. Chakula kigumu kinakuja kumaliza tu kazi iliyokwisha kufanywa.

Kazi yenyewe inaanza hivi. Kila siku utando laini unajipaka juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo umejaa mikrobi. Ukiusugua kila siku, unaondoka. Ukiuacha, baada ya siku chache unaanza kuwa mgumu kama chokaa, wa manjano au wa kahawia: ndio ukoga. Ukoga brosi haiwezi kuutoa tena.

Mwili unaona mikrobi iko karibu, unapeleka damu kupigana. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu ukipiga brosi au ukiuma muhindi. Hiyo ni hatua ya kwanza, na habari njema ni kwamba inapona kabisa. Mtu akisafisha vizuri kila siku, mara nyingi damu inakoma katika wiki moja au mbili.

Asiposafisha, hatua ya pili inakuja. Ufizi unajitenga na jino, kifuko kinafunguka kati yao, na mikrobi inashuka ndani ambako brosi haifiki. Mfupa wa taya unaanza kuliwa kidogo kidogo. Ufizi unashuka, meno yanaonekana marefu, yanaachana, harufu mbaya inatoka, usaha wakati mwingine. Mwisho jino linacheza. Na muda wote huo, miaka kumi au zaidi, mtu anaweza asisikie maumivu makubwa hata siku moja.

Turudie mkono wa Livingstone. Mfupa uliovunjwa na simba ulijiunga wenyewe. Mfupa wa taya ulioliwa na ugonjwa wa ufizi haurudi hivyo. Muganga anaweza kusimamisha ugonjwa usiendelee, meno yaliyobaki yakaokolewa, lakini kilichokwisha kuliwa kimekwenda. Njo maana hatuwezi kungojea maumivu ndiyo yatuamshe. Jino lililotoboka linapiga kelele usiku kucha. Ufizi hausemi.

Mpaka Nyangwe, mpaka Ujiji

Tuendelee na safari. Februari 1871 watu kumi waliotumwa kutoka pwani walifika Kabambare, na tarehe 16 mwezi ule Livingstone akaondoka. Mwisho wa Machi alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, katika teritwari ya Kasongo ya leo. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa mimea ya hapa.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katikati ya umati wa Nyangwe. Wengi waliokufa walikuwa wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake. Habari alizoandika juu ya siku ile zilisaidia sana kusukuma Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Akavunjika moyo, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba akiwa mifupa mitupu. Huko njo Stanley alimkuta, mwaka uleule. Stanley alieleza sura ya mzee: macho yake bado makali, lakini meno yake yanaonyesha udhaifu, chakula kigumu cha Lunda kimeharibu mistari yake. Alianza kumlisha chakula laini na kizuri, mara nne kwa siku, na nguvu zikarudi. Kumbe kinywa kikishindwa, mwili mzima unashindwa.

Livingstone alikataa kurudi kwao. Alikufa mapema mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ametoka damu nyingi tumboni, homa imemmaliza. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake pale pale, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874 waganga walitaka kujua kama kweli ni yeye. Wakaangalia mkono wa kushoto, wakaona pale simba alipovunja. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster.

Sisi leo tufanye nini?

Livingstone hakuwa na kosa la kutojua. Wakati wake watu hawakujua vizuri namna mikrobi inavyoharibu ufizi, na sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa. Sisi tunajua. Tena dawa ya kwanza ya ufizi haitoki Kinshasa wala Ulaya. Iko nyumbani.

Safisha meno mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Ule usiku ndio wa lazima zaidi, juu tukilala mate yanapungua na mikrobi inafanya kazi kwa raha. Tumia brosi laini. Brosi ngumu inakwangua ufizi. Ilaze kidogo, nywele zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi, halafu sogeza taratibu, mwendo mfupi mfupi, jino kwa jino, nje na ndani. Dakika mbili hivi. Dawa ya meno yenye fluoride inasaidia kuzuia meno kutoboka. Brosi ni ya mtu mmoja, haikopeshwi kama jembe. Nywele zikilala, tafuta nyingine.

Asiye na brosi asikae hivyo hivyo. Mti wa mswaki ni mzuri ukitumiwa vizuri. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama brosi, sugua kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino, usisahau upande wa ndani na meno ya nyuma. Usitumie mchanga wala matofali yaliyosagwa: vinakwangua jino na kuumiza ufizi.

Ukiona damu, usiache kupiga brosi. Watu wengi wanakosea hapo. Wanaona damu, wanaogopa, wanapaacha mahali pale wiki nzima, na mikrobi inazidi. Damu inakuambia pale ndipo pachafu. Safisha taratibu, lakini safisha. Unaweza kusukutua na maji ya vuguvugu, glasi moja na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya chumvi yanatuliza, hayatoi ukoga. Kama baada ya wiki mbili damu ingali inatoka, nenda kituo cha afya, uwaombe wakuelekeze kwa muganga wa meno. Yeye ana vyuma vya kukwangua ukoga mpaka chini ya ufizi. Usijikwangue kwa kisu wala kwa msumari.

Mvutaji wa tumbaku ajiangalie mara mbili. Tumbaku inaharibu ufizi, na tena inapunguza damu ndani yake, hivyo ugonjwa unakwenda mbele bila hata ile ishara ya kutoka damu. Mwenye kisukari vile vile: sukari ikiwa juu, ufizi unaoza upesi, na ufizi mgonjwa unafanya sukari iwe ngumu kushuka.

Mama mwenye mimba anaweza kuona ufizi umevimba na kutoka damu. Si mtoto anayekula meno ya mama, kama tunavyosikia watu wakisema. Mimba inafanya ufizi uchokozeke kwa utando mdogo tu. Asafishe zaidi, na amwambie mkunga siku ya kupimwa.

Chakula nacho kina neno. Mtu asiyepata matunda wala mboga kwa miezi anaweza kuvimba ufizi na kutoka damu kwa kukosa vitamini C. Mabaharia wa zamani walikufa hivyo. Mwaka 1747 muganga James Lind alionyesha melini kama machungwa na ndimu vinaponyesha. Sisi Maniema mapera, machungwa na mapapai yanaanguka chini ya miti. Tusiyauze yote.

Na kama jino linacheza? Usifanye kama Livingstone. Uzi na fimbo havitoi ugonjwa, na jeraha wazi katika kinywa kichafu linaweza kuvimba na kueneza usaha mpaka shingoni. Wala tusikimbilie kusema ni bulozi wa jirani. Jirani hakuingia kinywani mwako. Nenda hospitali: wakati mwingine jino linaokolewa, na kama ni la kutoka, litoke kwa chuma kilichochemshwa.

Watoto: hapa hakuna kungojea

Tumeacha jambo zito kuliko yote kwa mwisho. Kwa mtu mzima ufizi unachukua miaka. Kwa mtoto mdogo aliyedhoofika unaweza kuchukua siku.

Ugonjwa huo unaitwa noma. Unashika zaidi watoto wa miaka miwili mpaka sita, wale wasiopata chakula cha kutosha, wale waliotoka tu katika surua, ile tunaita rujoli, au katika malaria kali. Unaanza kwa ufizi: unatoka damu, kidonda kinatokea, kinywa kinanuka sana. Baada ya siku chache shavu linavimba. Halafu nyama inakuwa nyeusi, inaanguka, na shimo linabaki usoni. Bila matibabu, mpaka watoto 9 katika 10 wanaweza kufa. Wanaopona wanabaki na uso ulioharibika, na wengine wanafichwa nyumbani kwa haya.

Mikrobi ya jamii moja, fusobakteria, inapatikana katika noma na pia katika vidonda vya miguu vinavyokula nyama, kama vile vilivyomlaza Livingstone Kabambare. Inapenda mwili uliochoka. Wale watumwa aliowaona wakifa walikuwa na njaa na uchovu. Leo watoto wa familia zilizokimbia vita wana njaa na uchovu uleule.

Lakini noma ikishikwa mapema inasimama. Dawa zake si za ajabu: amoksisilini na metronidazoli, dawa za kawaida za vituo vya afya, pamoja na kusafisha kinywa na kumlisha mtoto vizuri. Muuguzi ndiye anayepima kiasi, si sisi sokoni. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitia noma katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Maana yake dunia imeanza kuiangalia. Sisi tuiangalie kwanza, ndani ya nyumba.

Chanjo ya surua nayo inalinda. Kasongo ina historia katika jambo hilo: mwaka 1981 gazeti kubwa la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti uliofanywa Kasongo juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wadogo. Mama anayempeleka mtoto kuchanjwa anakinga pia uso wake.

Basi, wazazi, usiku wa leo chukueni taa. Fungueni kinywa cha kila mtoto, inueni mdomo wa juu, shusheni wa chini, angalieni ufizi. Kwetu ufizi wenye madoa meusi ya asili si ugonjwa. Tafuteni uvimbe, damu, kidonda, harufu kali. Mtoto dhaifu akiwa na kidonda ufizini, msingojee soko la kesho wala dawa ya jirani: apelekwe kituo cha afya siku ileile. Na nyinyi wenyewe mkimaliza, jiangalieni kwenye kioo. Livingstone alipoandika kwamba haliumi, lilikuwa limekwisha kutoka.